Omba Punguzo Ukiwa Huna Deni
Mhadhara kwa wapangaji na wenye nyumba, Mtwara mjini

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Vijana mliosimama mlangoni, sogeeni, viti vya mbele bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kodi ya nyumba, hasa namna ya kumwendea mwenye nyumba na kumwomba akupunguzie. Nimekuwa mpangaji katika mji huu miaka kumi na saba, kwanza Magomeni, baadaye nikawa na fremu, yaani chumba cha biashara, ya cherehani Chikongola. Sasa nina vyumba vinne Chuno ninavyopangisha. Mlango huo nimeubisha nikiwa nje, na nimeufungua nikiwa ndani.

Neno langu ni moja, nalisema sasa hivi ili hata atakayewahi kutoka aondoke nalo: punguzo huombwa na asiyedaiwa. Ukishakuwa na deni la miezi miwili unakwenda kuomba msamaha, na msamaha una mazungumzo yake mengine kabisa. Mwenye nyumba anayekudai hakusikilizi unachosema. Anasikiliza kama utataja tarehe ya kulipa.

Tuanze na mji wetu, maana bila kuujua mji huwezi kuijua kodi yake. Bandari na reli vilikuja kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Mradi ule wa kulima karanga ulianza 1947, ukafa 1951, na reli baadaye ikang'olewa. Leo tuna kata inaitwa Reli, na treni hakuna. Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, lakini vyumba vyetu vilikuja kuisikia baada ya 2010, walipoanza kuingia watu wa visima vya baharini, wakandarasi, madereva, watu wa mabenki. Mnakumbuka. Chumba cha 20,000 kikawa 60,000, tena miezi sita mbele, yaani 360,000 mkononi kabla hujapewa ufunguo. Nawajua walimu walioambiwa wapishe mgeni wa kampuni, notisi ya mdomo, wiki mbili. Na upande wa pili nawajua wenye nyumba waliokopa kuweka vigae na madirisha ya aluminiamu, wakiamini wageni wamekuja kukaa.

Mwaka 2013 tukawa na vurugu za bomba la gesi. Sitazirudia, wapo humu ambao bado zinawauma. Bomba likajengwa, kilomita 542 mpaka Dar es Salaam, likazinduliwa 2015. Waliokuja kulijenga wakafunga mizigo yao. Kodi zikabaki juu pale pale, kama nguo iliyoachwa kambani na mtu aliyehama.

Hapo ndipo iliponikuta mimi. Fremu yangu ilikuwa imepanda kutoka 50,000 mpaka 150,000. Miaka ya wageni nilikuwa nashona mapazia ya nyumba za kulala wageni na sare za walinzi, cherehani mbili hazipoi. Mwaka 2016 nilikuwa nabadilisha zipu.

Nilikwenda kwa bi mkubwa mwenye fremu mwezi wa Novemba, siku kumi na mbili kabla kodi yangu haijaisha. Nilimkuta uani anabangua korosho. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo alikuwa amejipaka majivu viganjani. Anaweka korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, anaigonga kwa kijiti, ganda linaachia, kiini anakitupia kwenye ungo. Nilipomwamkia aliitikia bila kuacha kugonga. Nikavuta kigoda, nikajipaka majivu, nikachukua kijiti cha pili.

"Mama, nimekuja na habari ya fremu. Kodi yangu inaishia mwisho wa mwezi, na hunidai hata shilingi."

"Najua. Sema."

"Nataka kubaki. Lakini 150,000 siiwezi tena. Nimekuja tuhesabu."

Nikatoa daftari. Shida za nyumbani kwangu sikumweleza, ingawa zilikuwepo. Nilimwekea hesabu yake yeye. Fremu zake pale zilikuwa saba kwenye mstari mmoja, tatu zimefungwa, moja ilikuwa na kufuli tangu Juni. Nikamwambia: mimi nikiondoka, na fremu ikakaa tupu miezi minne tu, umekosa 600,000. Ukinipunguzia 40,000 nikawa nalipa 110,000, mwaka mzima utakosa 480,000, na mlango uko wazi, kuna mtu anaangalia bati, kuna mtu anafagia mbele.

Akagonga korosho tatu nne hajajibu. Kisha akasema neno lililonifundisha kuliko daftari langu lote.

"Mwanangu, hesabu nimeiona. Lakini nikikupa wewe, kesho watakuja hawa watatu waliobaki. Nitawaambia nini?"

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wapangaji wengi hawalijui hili. Tunadhani mwenye nyumba anagoma kwa sababu ya ile 30,000 au 40,000 yetu. Mara nyingi hiyo angeimeza. Kinachomtia hofu ni kwamba akishusha kwa mmoja, bei ya nyumba nzima imeshuka, na hana maneno ya kuwaambia wengine. Basi kazi yako ni kumpa maneno hayo. Mpe sababu iliyo yako peke yako, ambayo mpangaji mwingine akija mikono mitupu hawezi kuidai.

Mimi nilimwambia: nitalipa miezi mitatu mitatu, siku tano kabla, na dari la fremu lililovuja nitalitengeneza kwa pesa yangu kabla mvua hazijakolea. Akaniuliza, "Tangu lini umekuwa unalipa kwangu?" Nikamwambia miaka minne. Akasema, "Na hukuwahi kunizungusha." Tukaishia 120,000. Wale watatu walipokwenda, alikuwa na jibu: yule fundi analipa mapema na ametengeneza dari, ninyi mmeniletea nini? Wawili wakaleta kitu. Mmoja akahama.

Kwa hiyo ukienda, nenda peke yako, jioni, nyumbani kwake. Usimkamate msibani au sokoni mbele ya watu. Dalali usimtume, yeye ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja kila chumba kinapopata mtu mpya, kwa hiyo wewe ukibaki yeye hapati kitu. Na usiseme "nitahama" kama hujaona pa kuhamia. Ukitamka hivyo na mwezi ukaisha ungali pale, neno lako limekwisha thamani, na utaishi ndani ya nyumba hiyo miaka mingine ukijua kwamba anajua.

Sasa wakati. Sisi watu wa kusini pesa yetu ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mji unaamka: pikipiki mpya, harusi, mabati yanapakiwa. Msimu wa 2024 bei mnadani ilivuka 4,000 kwa kilo, na kila mtu aliyesikia redio alijua. Lakini mkumbuke pia 2018, serikali iliposema itanunua yenyewe kwa 3,300, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Asipolipwa mkulima, muuza vitenge halipwi, fundi halipwi, na mwisho mwenye fremu naye halipwi. Ikifika Machi, Aprili, mpaka Julai, mji unakauka kwa wote, na mwenye nyumba ambaye ana shamba anawaza palizi na salfa ya kupulizia mikorosho.

Wapangaji wengi huenda kuomba Aprili, wakati wote wawili hawana kitu. Nawasihi muende Novemba au Desemba. Wakati huo wewe una akiba kidogo, na mwenye nyumba anaiona Januari inakuja na sare, madaftari na michango ya shule. Mtu akimwambia, "Mama, nitakupa miezi minne leo, nawe unishushie kwa mwaka," anampa kitu anachokihitaji siku hiyo. Njia nyingine nzuri ni kodi inayofuata msimu: mlipe kamili Oktoba mpaka Januari, na pungufu miezi ya ukame. Nimeona wenye nyumba waliokataa katakata punguzo la mwaka mzima wakalikubali hilo, kwa sababu bei yenyewe imebaki pale pale na wengine hawana cha kuuliza.

Naomba sasa niseme na wenye nyumba wenzangu, na hapa lazima niseme nililolifanya mimi.

Mwaka 2020 nilikuwa na mpangaji kijana, mwalimu wa shule binafsi. Masomo yaliposimama Machi kwa ajili ya korona, mshahara wake ukasimama. Aprili hakunilipa. Mei hakunilipa, na akaanza kurudi usiku na kutoka alfajiri ili tusikutane. Juni akaja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, akaniomba nimpunguzie kutoka 50,000 mpaka 30,000. Nilimwambia lete kwanza 100,000 unayodaiwa ndipo tuzungumze. Wiki ile ile aliondoka usiku na godoro lake, akaniachia ufunguo juu ya tanki la maji. Chumba kilikaa tupu miezi mitano. Nimekosa 250,000 kwa kukataa 20,000 kwa mwezi, na deni lake sikulipata.

Lakini hesabu siyo inayonisumbua. Nilikuwa najua shule zimefungwa. Nchi nzima ilijua. Mlango wake na wangu unatenganishwa na uwanja wa hatua kumi, na Aprili yote sikumuuliza, "Mwanangu, unaishije?" Alikosea kujificha, nami nilikosea kumwacha ajifiche. Wapangaji, msijifiche. Wenye nyumba, ulizeni mapema.

Na wapangaji pia, mjue mnayemwomba ni nani. Wapo wenye maghorofa. Lakini hapa kwetu wenye nyumba wengi ni akina mama watu wazima, wajane, vyumba viwili vya uani ndiyo pensheni yao, ndiyo dawa ya presha. Huyo ukimwomba nusu ya kodi unamwomba nusu ya chakula chake. Kwake omba kidogo, au omba muda, au msaidie kwa kazi unayoiweza.

Sheria nitaipita haraka. Msitegemee sheria iwashushie kodi. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano yenu, na upangaji wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya 1999. Mkigombana mkashindwa kupatana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ingawa mimi kwa jambo la punguzo sijaona mtu aliyefika huko akarudi na pa kulala.

Kitu kimoja kidogo mkishike. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021, na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama wewe ndiye unayenunua umeme kwa mita ya nyumba, umemlipia 18,000 kwa mwaka. Hifadhi zile meseji za tokeni, siku ya mazungumzo ziweke mezani kwa upole.

Na mkishakubaliana, andikeni. Hata kama ni bi mkubwa uliyekula naye futari, andikeni. Jirani yangu mmoja Magomeni alipunguziwa kwa mdomo na mzee mwenye nyumba, wakaishi vizuri miaka miwili. Mzee akafariki. Arobaini haijaisha, watoto wake wakaja na daftari la marehemu lenye bei ya zamani, wakamdai tofauti ya miezi yote ishirini na minne. Shahidi wake pekee alikuwa kaburini. Karatasi moja inatosha: bei ya zamani, bei mpya, inaanza lini, inakwisha lini, nani anatengeneza nini, sahihi mbili, na shahidi mmoja kutoka serikali ya mtaa. Hiyo "inakwisha lini" msiiruke. Mwenye nyumba anakubali kwa moyo mwepesi zaidi akiona punguzo lina mwisho.

Mimi sasa kwenye mkataba wangu nimeongeza mstari mmoja: mpangaji akiona mambo yamebadilika, aje kabla ya tarehe 20 ya mwezi, asisubiri kodi iishe. Mwezi uliopita amekuja binti wa chumba cha pili. Anakaanga samaki na pweza jioni. Upepo wa kusi ukishashika, mashua hazitoki kila siku, na siku zinapotoka samaki ni ghali. Alikuja tarehe 18, hadaiwi, hesabu yake ameiandika nyuma ya karatasi ya boksi la unga: siku za kuuza, siku za kukaa, mafuta, mkaa. Tulikaa dakika ishirini. Analipa 35,000 badala ya 45,000 mpaka mwisho wa Septemba, Oktoba anarudi kwenye bei yake, na maji ya uani anachota yeye kwa nyumba nzima. Karatasi yenyewe ninayo hapa, ameniruhusu niionyeshe. Anayetaka kuinakili aje hapa mbele, kalamu ipo.