Rozimari Inayonyauka: Tuanze na Mizizi

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie rozimari, ule mmea wa kiungo wenye harufu, na hasa ile ambayo imeanza kukauka ncha na kupukutisha majani ya chini, huku mwenyewe akiizunguka kila asubuhi na kopo la maji. Naomba tulizungumzie kwanza hilo kopo, kwa sababu katika mimea niliyowahi kuletewa niitazame, maji yamekuwa chanzo cha maradhi mara nyingi kuliko wadudu na ukungu wakiwekwa pamoja.

Asili ya rozimari ni miteremko mikavu yenye mawe kandokando ya Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kirefu na mvua hunyesha zaidi majira ya baridi. Chukueni kijitawi hiki mkipitishe nyuma, na kila mmoja ageuze jani moja. Mtaona kwamba ni jembamba kama sindano, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini una vinyweleo vyeupe vinavyofunika vitundu vya kupumulia. Jani la namna hiyo limeumbwa kubana maji, na mmea wenye majani hayo hauhitaji kunyweshwa kila siku kama mchicha.

Mtego uliopo ni kwamba rozimari iliyozidishiwa maji hulegea na kunyauka sawasawa na ile yenye kiu. Mizizi huhitaji hewa iliyomo katika nafasi ndogondogo za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu, mizizi hukosa pumzi, ikadhoofika, kisha ikashambuliwa na vimelea vya kuozesha, kama vile Phytophthora, ambavyo hustawi penye majimaji. Mzizi uliooza hauwezi kufyonza maji hata ukiwa umezama ndani yake, kwa hiyo majani yanalegea, na mwenye bustani, kwa huruma yake, anaongeza kopo jingine. Mimi mwenyewe nilimaliza rozimari yangu ya kwanza kwa njia hiyo, nikiwa nimeiweka juu ya kisahani ambacho sikukimwaga hata siku moja.

Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, ingizeni kidole katika udongo hadi sentimita tano hivi. Kukiwa na unyevu, acheni. Ikiwa mmea uko katika chungu na unaendelea kudhoofika, utoeni wote mtazame. Mzizi mzima ni mgumu na rangi yake imepauka. Uliooza ni mweusi au wa kahawia iliyokolea, unateleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake linachomoka na kubakiza uzi mwembamba. Kateni yote iliyooza kwa mkasi safi, kisha pandeni upya katika mchanganyiko wa udongo mwepesi na mchanga wa chengachenga, nusu kwa nusu, ndani ya chungu chenye tundu na kisichozidi sana ukubwa wa mizizi iliyobaki, kwa kuwa udongo usio na mizizi hukaa na maji. Mbolea isubiri mpaka machipukizi mapya yaonekane. Wengi hupenda kutandaza kokoto chini ya chungu. Naomba muache, kwa sababu maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, na matokeo yake sehemu yenye majimaji inasogea juu, karibu zaidi na mizizi.

Bustanini, penye udongo wa mfinyanzi, ni heri kuinua tuta la sentimita 20 hadi 30 kuliko kuchanganya ndoo moja ya mchanga, ambayo huweza kuufanya udongo ushikamane zaidi. Mahali pawe na jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi. Utitiri na ukungu mweupe wa majani hujitokeza hasa pasipopita hewa, na kusogeza chungu mara nyingi husaidia.

Kupogoa kunahitaji uangalifu zaidi. Kwangueni gome la tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, tawi li hai, pakiwa pakavu na kahawia, limekufa na liondolewe. Matawi yaliyo hai yakatwe ndani ya sehemu yenye majani tu, wala msiondoe zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja, maana tawi kuukuu la rozimari lililokwisha kupoteza majani ni nadra kuchipua tena. Anayeikata hadi kwenye shina tupu akitarajia ijae upya kwa kawaida hubaki na kijiti.

Mmea ukiwa umeoza sana, msiugombanie mzima. Okoeni ncha zake. Kateni vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 visivyo na maua, mvue majani ya nusu ya chini, mvichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Baada ya wiki nne hadi nane, vuteni kimoja juu taratibu: kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.

Sasa naomba waliokuja na vyungu vyao wavilete hapa mezani, na tuanze na kile chenye kisahani kilichojaa maji.