Msiikate Misonobari: Kupanda Mkindu na Nduguze Kaskazini mwa Florida

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie bustani, nami naanza na swali ambalo karibu kila mtu wa Pwani aliyehamia hapa Jacksonville amewahi kuniuliza: "Nipande mnazi?" Jibu langu ni hapana. Mnazi hauwezi jalidi, yaani umande unaoganda usiku ukaamkia mweupe juu ya majani, na huku kwetu ni nadra majira ya baridi kupita bila jalidi. Wenye minazi ni wenzetu wa kusini, wa Miami na visiwa vya Keys.

Lakini mnazi una ukoo mkubwa. Kiswahili kimempa kila ndugu jina lake, mkindu, mtende, mvumo, mkoma, mchikichi, mpopoo, ila jina la ukoo mzima halijazoeleka, basi leo nitasema tu jamii ya mnazi. Katika jamii hiyo wamo wanaoishi hapa vizuri sana, na bora zaidi wakiwa chini ya misonobari mirefu. Ndiyo maana moyo unaniuma mtu anaponunua nyumba yenye misonobari minane uani, na kabla hajafungua masanduku ameshaita watu wa misumeno. Nawaombeni, subirini kidogo.

Niwaeleze msonobari unafanya nini. Usiku wa baridi uliotulia, bila upepo wala mawingu, ardhi na majani hutoa joto lake likapaa moja kwa moja angani, wala hakuna cha kulirudisha. Jani lililo wazi hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Unatazama kipimajoto cha barazani, kinasoma nyuzi 2 juu ya sifuri, unalala ukiwa na amani, asubuhi bustani yote ni nyeupe. Sasa weka matawi ya msonobari mita 20 juu ya jani hilo. Matawi yale yana joto kuliko anga, nayo hulirudishia jani sehemu ya joto lake. Ni kama kulala chini ya paa badala ya kulala uwanjani.

Nendeni mkaone wenyewe asubuhi ya jalidi, kabla jua halijapanda. Kwangu nyasi huwa zinalia chini ya viatu kama chumvi ya mawe, kra, kra, halafu ghafla sauti inakatika. Ukitazama chini umeshafika kwenye majani makavu ya misonobari, na ukitazama juu utaona ndipo matawi yanapoanzia. Weupe umekoma hapo hapo, kana kwamba mtu amepiga mstari. Nina mikindu miwili ya umri mmoja, imeachana hatua kumi, mmoja kila upande wa mstari huo. Ule wa nje huungua majani karibu kila mwaka. Wa ndani una vigogo vitano sasa.

Lakini nisiwadanganye. Iko baridi nyingine, ile inayokuja na upepo kutoka Kanada, hewa yote ikiwa imeshaganda tangu huko. Tarehe 21 Januari 1985 hapa Jacksonville joto lilishuka hadi nyuzi 14 hivi chini ya sifuri, na Desemba 1989 theluji ilianguka siku chache kabla ya Krismasi. Usiku wa namna hiyo paa la matawi halisaidii sana. Kwa hiyo bustani ipewe kwanza miti ambayo hata baridi hiyo haiiui, ndipo uongeze ile unayoipenda kwa moyo.

Ipo iliyozaliwa humu humu. Mkienda msitu wa Osceola, magharibi ya hapa, mtaona misonobari ya majani marefu, Pinus palustris, na chini yake Serenoa repens, ndugu mfupi wa mnazi, imetanda hadi macho yanapoishia. Shina lake hulala chini kama nyoka, moto ukipita majani yanateketea, baada ya wiki chache linachipua tena. Hakuna aliyeipanda. Ukoo huu na msonobari wamekaa pamoja zamani sana, sisi tunawaiga tu. Mwenzake ni Sabal minor, mfupi na mvumilivu. Yupo pia Rhapidophyllum hystrix, mwenye miiba mirefu myeusi shinani, anayehimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri na kupenda kivuli. Kwa mtu anayeanza, huyu ndiye wa kwanza.

Kutoka mbali chukueni Rhapis excelsa, Chamaedorea radicalis ya milima ya Meksiko, na Livistona chinensis, ambayo kivulini majani yake hupanuka na kuwa ya kijani kizito. Msipeleke kivulini Washingtonia wala Butia. Hizo zinataka jua, na chini ya miti hurefuka vikonyo na kulegea.

Na mkindu? Mkindu ni wa kwetu kabisa, Phoenix reclinata, ule ule ambao bibi yangu Pangani alikuwa akichana majani yake, akiyatia rangi na kusuka ukili wa mikeka. Hapa unauzwa kama mti wa pambo. Chukueni mche kutoka kwa muuzaji mnayemwamini, kwa sababu mkindu huzaana na mitende mingine iliyopandwa mitaani, na mbegu ya kuokota inaweza kuwa chotara. Majani huanza kuungua joto likishuka nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, kwa hiyo huo ndio mti wa kuuweka chini ya paa lako bora.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa pili hapa nilimwajiri mtu anitengenezee matuta ya kupandia. Alileta kifusi, akakimwaga kina cha futi moja juu ya mizizi ya misonobari mitatu, kisha akachimba kwa mashine akiikata mingine. Nikamlipa na kumshukuru. Mizizi inayolisha msonobari iko juu juu, nayo inahitaji hewa. Mti ukidhoofika, wadudu wanaotoboa magome wanajua kabla yako. Niliona vidonge vya utomvu vimeganda kwenye gome, vyeupe kama bisi, na unga mwembamba wa mbao shinani. Miti yote mitatu ilikufa, nikaikata. Majira ya baridi yaliyofuata Livistona zangu zilisimama chini ya anga tupu. Mwezi wa pili nilishika jani jipya la moja, lile la katikati lililojikunja kama mshale, likachomoka mkononi bila nguvu, chini yake pameoza na pananuka. Moyo wa mti ulikuwa umekufa. Nilipoteza nne.

Basi nunueni miche midogo, ya kopo la lita nne. Chimbeni kwa mkono, katikati ya mizizi, na mkikutana na mzizi mnene kama kidole gumba, hameni. Msizike shina chini kuliko lilivyokuwa kwenye kopo. Mwezi wa nne ni mzuri, udongo umepata joto na mvua za majira ya joto ziko karibu. Mwaka wa kwanza mwagilieni bila kukosa, maana msonobari ni mnywaji mkubwa na hautamsubiri mgeni.

Majani ya msonobari yanayoanguka ni matandazo ya bure, yaacheni, ila yasiguse shina. Watu huogopa kwamba yanachachusha udongo. Mchanga wetu wenyewe tayari una uchachu, majani huongeza kidogo sana. Shida ya mchanga huu ni upungufu wa potasiamu. Utaiona kwenye makuti ya zamani, madoa ya njano na rangi ya chungwa, ncha zimekauka. Msiyakate makuti hayo! Mti unanyonya potasiamu iliyomo humo kulisha majani machanga. Wekeni mbolea ya 8-2-12, yaani sehemu 8 za naitrojeni, 2 za fosforasi na 12 za potasiamu, yenye magnesiamu, ya kuyeyuka polepole, na mwacheni aliyekuja na panga aende zake.

Mama mmoja hapa mbele anauliza kama mvinje wa kwetu unaweza kutoa kivuli hiki. Huku wanauita msonobari wa Australia, ingawa si msonobari, na hapa Florida ni marufuku kuupanda kwa sababu unavamia fukwe. Na kuhusu vimbunga, msonobari ulioinamia nyumba au uliooza shina, huo kateni, sibishani.

Pale mlangoni kuna makopo ya Sabal minor, mbegu nilizoziotesha mwenyewe. Kila nyumba ichukue mche mmoja. Ni midogo, ina majani mawili tu, na itakaa hivyo muda mrefu ikijenga mizizi kwanza. Msiing'oe kuangalia kama imekufa.