Ziwa Lipo Pale, Maji ya Kunywa Yako Wapi?

Asanteni. Walio nyuma kabisa sogeeni, viti vya mbele viko wazi, na leo kuna vitu vya kuangalia kwa macho.

Nianze na hesabu, maana safari nyingi za kambi huharibikia hapo, gari likiwa bado nyumbani. Mtu mmoja kwa jua letu hili anakunywa lita 3 hadi 4 kwa siku. Chai na chakula vinataka lita 2 au 3 nyingine. Kunawa mikono, kuosha vyombo, kupiga mswaki, kujipangusa kwa kitambaa: lita 3 mkibana sana. Wekeni lita 10 kwa kichwa kwa siku, na hapo hakuna kuoga. Watu 4 kwa siku 3 ni lita 120. Hayo ni madumu 6 ya lita 20, na uzito wake ni kilo 120 kabla hujahesabu dumu lenyewe.

Kilo 120 hizo watu huzipandisha kwenye keria. Msifanye hivyo. Keria za magari mengi madogo zimepangiwa kilo 75 hadi 100, na hema lako tayari liko huko juu. Angalieni kitabu cha gari. Maji yanakaa chini, nyuma ya siti, karibu na katikati ya gari, yamefungwa mkanda. Dumu lijae hadi shingoni, kwa sababu la nusu linacheza na kwenye kona linavuta gari. Na msiweke maji yote katika tangi moja. Likipasuka mmebaki bila kitu, na mkijaza maji mabaya mmeharibu yote kwa mara moja. Madumu mawili yawe ya kunywa tu, yawekwe alama ya rangi, na mpira au faneli ya dizeli isiyasogelee.

Kuhusu dumu lenyewe: la mafuta ya kula linaoshwa na kutumika, halina neno. Lakini huku kwetu Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na madumu yaliyobeba dawa za pamba yanazunguka sokoni yakiwa yamesafishwa vizuri kwa macho. Plastiki hunywa kemikali, kisha huirudisha kidogo kidogo. Kama hujui dumu lilibeba nini, usilinunue, hata likiuzwa nusu bei. Dumu likishapatikana, lijaze maji, weka vijiko viwili vya chakula vya Jik, ile klorini ya kufulia, isiyo na manukato, tikisa, acha nusu saa, fungua koki yapite kidogo na huko, kisha mwaga na suuza mara mbili. Koki na uzi wa kifuniko ndiko uchafu unakojificha.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Anayeanzia safari Mwanza hana hofu ya kukosa maji. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, na barabara nyingi mtakazopita haziliachi mbali. Shida ni kwamba kila chanzo kina uchafu wa aina yake, na kila njia ya kusafisha inaondoa aina fulani na kuiacha nyingine. Mtu anachemsha maji yenye zebaki, anatia klorini kwenye tope, anachuja maji yenye kirusi, halafu anashangaa tumbo linauma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nasafishaje, uliza haya yana nini.

Chanzo cha kwanza daima ni bomba la mamlaka ya maji mjini. Maji yametibiwa, na klorini iliyobaki ndani yake inaendelea kuyalinda yakiwa kwenye dumu lako. Njia ya Musoma mna Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda. Njia ya magharibi, tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko, basi jazeni Sengerema au Geita mjini. Njia ya kusini ina jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui: maji ya bomba mtakayokunywa Shinyanga, Kahama, hata Nzega na Igunga, ni haya haya ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanatibiwa na kusukumwa kusini na KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga. Mkivuka kuelekea Singida mambo yanabadilika, nitaeleza.

Kanuni ya kujaza ni moja: ukifika nusu, jaza kwenye bomba zuri linalofuata, hata kama unaona bado yapo. Mgao wa maji haumsubiri msafiri. Kituo kikiwa kimekauka leo, nusu uliyobaki nayo inakufikisha kinachofuata.

Kwenye sheli kuna bomba, na kuna mpira umelala kwenye matope, ncha yake imeingia kwenye rejeta za malori tangu asubuhi. Bebeni mpira wenu wa mita 5, wa maji ya kunywa, uhifadhiwe ncha mbili zikiwa zimeunganishwa. Fungueni koki, maji yapite dakika moja kwanza. Kama kuna simtanki juu, hayo si maji ya bomba tena, ni maji ya tangi, na klorini yake huenda imeshapotea. Kisha muulize mhudumu. Usimuulize "Haya ni maji ya kunywa?" Atasema ndiyo, kwa ukarimu tu. Muulize "Ninyi hapa mnakunywa haya?" Akisema wao wananunua ya chupa, umeshajibiwa.

Vijijini kuna vituo vya kuchotea vya miradi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuna visima virefu vya pampu ya mkono. Vituo vina saa zake, kwa kawaida asubuhi na jioni, na vina malipo kwa ndoo. Lipeni, pangeni foleni, msikatize kina mama kwa sababu mna gari. Kisima kirefu kikiwa na sakafu ya zege isiyo na nyufa na mfereji wa kutoa maji machafu, maji yake kwa vijidudu huwa afadhali. Sakafu ikiwa imepasuka, uchafu wa juu unarudi chini pembeni mwa bomba. Tieni klorini.

Klorini, basi. Vidonge vya WaterGuard vya dumu: kimoja kwa lita 20 za maji maang'avu, nusu saa, lakini someni pakiti kwa sababu vidonge vina ukubwa tofauti. Kwa Jik ya asilimia 3.5, mililita 1 kwa lita 20 ikiwa maji ni maang'avu, 2 yakiwa na ukungu. Pimeni kwa sirinji ya duka la dawa, siyo kwa kifuniko. Baada ya nusu saa nusa: lazima kuwe na harufu hafifu. Kama hakuna, rudia kipimo kile kile na usubiri tena. Jik iliyokaa ndani ya gari la moto miezi mingi imekufa nguvu hata kama chupa imejaa. Na klorini haiui kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu, ambacho mifugo inakileta. Maji ya lambo wanakonywea ng'ombe yanataka kuchemshwa au kuchujwa, klorini peke yake haitoshi.

Kuhusu tope: klorini inajichosha kwenye tope kabla haijagusa kijidudu. Kwa lambo, au Mto Simiyu wakati wa mvua, anzeni na shabu. Robo kijiko cha chai cha unga wa shabu kwa lita 20, kiyeyushwe kwanza kwenye kikombe. Koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano. Hapo chembe za tope zinashikana. Acha saa moja au mbili, mimina ya juu kwa utulivu, mashapo ya chini mwaga. Wanaokoroga kwa nguvu mwanzo hadi mwisho huzivunja zile chembe tena, halafu wanalaumu shabu.

Sasa ziwa lenyewe. Mniwie radhi nikae hapa kidogo.

Hatari ya kwanza iko miguuni. Kichocho hakihitaji unywe. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Anayeingia hadi magotini kujaza dumu ameshachukua alichokiogopa kwenye kikombe. Chota ukiwa juu ya mwamba au kwenye mtumbwi, kwa ndoo yenye kamba, mbali na majani, mbali na mwalo wa samaki na mahali pa kufulia. Alfajiri na magharibi acheni kabisa, viboko na mamba hawana miadi. Vijidudu vya kichocho vikikosa mwili hufa: maji yakitulia kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, vimeisha. Kuvichemsha pia kunavimaliza. Kwa maji ya kuoga, nyuzi 50 kwa dakika tano zinatosha.

Hatari ya pili ni rangi. Baada ya siku za joto zisizo na upepo, maji ya ghuba huwa ya kijani kama rangi iliyomwagika, na upepo mdogo huyasukuma upande mmoja wa ufuko. Huo ni mwani wenye sumu. Kuchemsha kunapasua seli zake na kuiachia sumu ndani ya maji. Sumu yenyewe haivunjiki kwa moto wa jikoni. Klorini ya dumu msiitegemee. Chujio la kambi linazuia seli, haliizuii sumu iliyokwisha kuyeyuka. Maji ya kijani yaacheni, hata ya kuoshea vyombo. Nendeni upande mwingine wa rasi au rudini barabarani.

Ya tatu ni ya kawaida: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara. Hapo kuchemsha ndiyo bingwa. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hilo halina madhara. Yakitokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Wanaoacha dakika ishirini wanachoma gesi tu. Lita 20 zinakula takriban robo kilo ya gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 utachemsha madumu kama 24. Ndiyo maana sishauri kuchemsha kila kitu: chemsha ya kunywa, ya chai yatachemka yenyewe.

Machujio. Hili la nyuzi za plastiki, tundu la mikroni 0.1, linazuia bakteria na vimelea, halizuii virusi. Likianza kuvuta polepole, lisukume maji safi kinyume kwa sirinji hii, kwa nguvu. Likiwa jipya na halipitishi kitu, mara nyingi ni hewa imekwama. Loweka dakika kumi. La mshumaa wa udongo linasuguliwa kwa brashi laini, na adui yake ni kuanguka: ufa usioonekana unapitisha kila kitu huku maji yanaonekana maang'avu. Mpangilio ni kutuliza, kuchuja, kisha klorini. Chujio lenye makaa linanyonya klorini, kwa hiyo ukitanguliza klorini na kuyapitisha huko, yanatoka bila ulinzi.

Kuna swali hapo kushoto... Ndiyo, dada anauliza kuhusu Geita, maji ya karibu na machimbo. Karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na sehemu wanakooshea dhahabu, zebaki inaingia kwenye madimbwi na vijito. Haichemki ikaisha, haichujiki kwa hivi vifaa. Msichote hata kwa dharura, mna bomba la mjini. Vivyo hivyo floraidi, na hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Singida, Manyara na Arusha zina visima vyenye floraidi nyingi. Maji ni maang'avu na huenda hayana vijidudu, lakini yanaharibu meno ya watoto. Kuyachemsha kunazidisha, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Safari ya siku chache si janga kwa mtu mzima. Mwenye watoto ajaze ya kutosha kabla ya kuondoka Igunga.

Na wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka? Kambi maalumu, zile za porini zisizo na huduma, hazina maji kabisa. Jazeni Lamadi kwa siku zote mtakazokaa, ongezeni siku moja ya gari kukwama.

Swali jingine... Mkikosa gesi na klorini? Chupa za plastiki maang'avu zisizozidi lita 2, maji ambayo ukisimamisha chupa juu ya gazeti na kuchungulia kupitia mdomo wake unasoma kichwa cha habari, zilazwe juu ya bati. Jua kali, kwa muda wa saa sita. Mawingu yakitanda nusu ya mbingu, siku mbili. Siku ya mvua nzima haifanyi kazi, basi kingeni mvua yenyewe kwenye turubai safi, mkiacha ya dakika kumi za mwanzo yapite.

La mwisho: mkirudi, madumu yamwagwe yote, yakauke kivulini kifuniko kikiwa wazi. Chujio la nyuzi lisukumwe maji yenye matone machache ya Jik, likaushwe siku kadhaa kabla ya kufungiwa. Mlionunua leo njooni hapa mezani na sirinji zenu, tutasukuma moja baada ya jingine.