Udongo wa Loesi na Pepo Mbili za Msimu

Ndugu wasikilizaji, pale Luochuan, kwenye uwanda wa loesi wa China, yaani udongo wa vumbi lililorundikwa na upepo, kuna ukuta wa udongo wenye unene wa zaidi ya mita 130. Tabaka la njano, kisha jekundu, kisha njano tena, kurudi nyuma takriban miaka milioni 2.6. Njano ni vumbi lililoletwa na upepo mkavu wa majira ya baridi kutoka jangwani. Jekundu ni vumbi lilelile, ila mvua za majira ya joto zililigeuza kuwa udongo wenye rutuba.

Pepo ni mbili, basi vipimo ni viwili: ukubwa wa chembe kwa upepo wa baridi, maana upepo mkali hubeba chembe kubwa, na usumaku kwa mvua, kwa sababu udongo unapoiva huzaa chembe ndogo mno za magnetiti na maghemiti, madini ya chuma yenye sumaku.

Kabla ya kuchukua sampuli, chimba uondoe uso wa ukuta uliochakaa, mpaka ufikie udongo usioguswa na mizizi wala maji ya mvua za leo. Maabarani, chemsha nusu gramu katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 10, mabaki ya mimea yaishe. Kisha katika asidi hidrokloriki ya asilimia 10, chokaa iyeyuke. Iache itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, tia sodiamu heksametafosfeti ya kutenganisha chembe, tikisa kwa mawimbi ya sauti dakika 10, ndipo upime kwa leza. Ukiiruka hatua ya asidi, chembe zilizogandishwa na chokaa zitasomeka kama chembe kubwa, nawe utatangaza upepo mkali ambao haukuvuma.

Usumaku nao una mtego wake. Udongo uliokaa majini muda mrefu hupoteza madini ya chuma, hivyo mvua nyingi kupita kiasi hushusha kipimo. Huko Alaska mambo yamegeuka kabisa: loesi ndiyo yenye usumaku mkubwa kuliko udongo wa kale, yaani tabaka kama lile jekundu, maana upepo mkali ulibeba chembe nzito za chuma.

Linalonisumbua zaidi ni umri. Mwaka 1982 watafiti Heller na Liu walionyesha kwamba kugeuka kwa ncha za sumaku za dunia kunasomeka Luochuan. Lakini mgeuko wa takriban miaka 780,000 iliyopita umo ndani ya L8, tabaka la nane la loesi kutoka juu, la enzi ya barafu, ilhali kwenye matope ya bahari umo katika kipindi cha joto. Chembe zilizokuwa zimeshatua ziliendelea kuelekezwa upya na sumaku ya dunia, hivyo alama ikashuka chini ya mahali pake. Ukiifunga saa yako kwenye kina hicho bila kukisahihisha, kila tabaka la jirani litapewa umri usio wake.