Kifaranga Mgonjwa: Joto Kwanza

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Kifaranga wa siku moja aliyejikunyata, macho nusu yamefumba, mbawa zimelegea, usimkimbizie dawa. Mpe joto! Manyoya yake bado ni malaika matupu, hayazuii baridi, na mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Akipoa, tumbo linaacha kusaga. Uji unaomlazimisha kumeza unalala humo humo na kuchacha.

Chukua boksi, tandika kitambaa kisichoteleza, weka taa upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee. Chini ya taa pawe na nyuzi 35, na kipimajoto kilale usawa wa mgongo wake, si kuning'inia ukutani. Huna umeme? Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inatosha, ila ibadilishe kabla haijapoa, kwani chupa baridi itamnyonya joto lake mwenyewe. Kisha shika vidole vya miguu yake, viguse shavuni mwako. Vikiwa baridi, bado hujafika. Akihema mdomo wazi na mbawa kazitandaza, umezidisha.

Najua kuna anayesema moyoni, “Atakufa njaa huyu.” Hafi! Kabla ya kutoka kwenye yai alishavuta kiini kikaingia tumboni, na hicho ni akiba ya siku mbili hivi. Saa nzima ya kupata joto haimdhuru. Kumnywesha akiwa baridi ndiko kunamuua.

Akishapata joto, ndipo maji ya uvuguvugu: kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa lita moja, siku ya kwanza tu. Na jamani, msimdondoshee kooni! Tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi, maji yataingia mapafuni. Weka tone pembeni mwa mdomo, alivute mwenyewe.

Sasa mgeuze, utazame chini ya mkia. Kinyesi kikiganda pale, hawezi kujisaidia, na mara nyingi chanzo ni joto lile lile, limepungua au limezidi. Bandika pamba yenye maji ya uvuguvugu, subiri kilainike, kisha futa taratibu. Ukikibandua kikavu, ngozi inatoka nacho. Angalia sana: tundu la haja liko chini ya mkia kabisa, na kile kigaga cheusi kilicho mbele zaidi, tumboni, ni kitovu. Watu wanakivuta wakidhani ni uchafu! Usikiguse. Mkaushe kabisa ndipo umrudishe kwenye joto.

Muda unaniishia, nipite haraka. Miguu iliyotanuka pande mbili: ondoa gazeti linaloteleza, iunganishe kwa kipande cha plasta kikiacha nafasi ya kusimama kawaida, siku mbili tatu. Kitovu kibichi, kinanuka, tumbo limevimba: mtenge, mwite daktari wa mifugo, na ujue wachache sana hupona.

Kumrudisha kundini, ngoja ale mwenyewe na akimbie. Hadi hapo mpe mwenzake mmoja mpole, na chombo chao cha maji kiwe kifupi, chenye kokoto ndani, maana kifaranga dhaifu huzama hata kwenye kisahani.