Seva ya Imeili Ikifa, Usikimbilie Kuiwasha

Asalaam aleykum, na wa habari za jioni, habari za jioni. Wa nyuma huko mnanisikia? Hii feni inapiga kelele kweli ila tukiizima kwa joto hili la Tanga tutaungua sisi na projekta, kwa hiyo ntapaza sauti tu.

Naona humu kuna mafundi wa mashule, kuna dada zetu wa mahoteli ya Raskazone, na hawa jamaa wa uwakala wa forodha ambao wao imeili ikikata nusu saa tu simu zinaanza kulia, maana kontena liko bandarini na nyaraka zake ziko kwenye imeili. Nimeambiwa niongelee bakapu. Ntaongelea, ila naanza na ile saa ya kwanza baada ya seva, ile mashine inayopokea na kutunza imeili za ofisi, kufa, maana hapo ndo watu wanapoteza barua, na wanazipoteza kwa mikono yao wenyewe.

Sikilizeni. Seva yako ikizima kabisa, kimya, haijibu kitu, barua zinazokuja kwako hazipotei. Mtu wa Mombasa au wa Guangzhou akikutumia, seva yake inagonga kwako poti 25, ule mlango wa kupokelea barua, haipati jibu, inaiweka ile barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Huo ndo utaratibu wa SMTP wenyewe, yaani lugha ya seva kupelekeana barua, waraka wa 2008 unaitwa RFC 5321 unasema anayetuma asubiri walau dakika 30 kabla hajarudia, na asikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Postfix, programu ya seva ya kutuma na kupokea barua, ukiinstoo bila kugusa kitu inashikilia siku 5. Exchange ya Microsoft ina haraka kidogo, yenyewe siku 2. Kwa hiyo una muda wa kunywa chai ukafikiri, tena chai na andazi.

Sasa kinachotokea maofisini sivyo. Bosi kasimama mlangoni, "vipi, bado?", fundi kachanganyikiwa, anachukua mashine nyingine, anaweka Postfix, anaweka Dovecot ya watu kusomea masanduku yao, anawasha, anasema tayari bosi iko hewani, barua za zamani ntazirudisha usiku. Hapo kaharibu. Ile seva mpya haina mtu ndani, jedwali la watumiaji ni tupu, ikija barua ya mhasibu inajibu 550, huyo hajulikani hapa. Ni kama mgeni anapiga hodi: mkiwa hampo anaondoka, kesho anarudi, lakini akitoka mtoto akamwambia "huyo mtu hakai hapa", basi, mgeni kashaondoka jumla. Seva iliyotuma ikishapewa 550 hairudi tena, inamrudishia mwenyewe barua yake, na mwenyewe ni meneja wa meli huko kwao, anaona hawa watu wa Tanga wamefunga ofisi.

Angalieni hapa ukutani. Hii loga ya juu, yaani kumbukumbu ya matukio, ni ya seva ambayo Postfix inafanya kazi ila MySQL, database yenye orodha ya watumiaji, imezima. Mnaona inavyojibu? 451. Namba inayoanza na 4 maana yake njoo baadaye. Hii ya chini MySQL inafanya kazi vizuri kabisa, taa zote kijani, ila jedwali halina kitu, na inajibu 550. Yaani database iliyokufa inakulindia barua kuliko database iliyo hai ikiwa tupu. Mi nikisema usikimbilie kuwasha watu wanadhani ni uvivu.

Dawa yake ndogo tu, mstari mmoja ndani ya main.cf, faili la mipangilio la Postfix, soft_bounce = yes. Huo unageuza kila jibu linaloanza na 5 lianze na 4, hata kama umekosea kitu, mgeni anaambiwa arudi, hafukuzwi. Uweke kabla hujawasha, sio baada ya bosi kupigiwa simu.

Ndio dada, uliza... Anauliza kwani barua si zipo kwenye Outlook za watu, si tutazichukua huko? Swali zuri sana hilo, na ndo mtego wa pili. Kila folda kwenye seva ya IMAP, ile njia ya Outlook kusoma barua zilizoko kwenye seva, ina namba yake inaitwa UIDVALIDITY, na kanuni ya IMAP ni kwamba hiyo namba ikibadilika, programu ya mtumiaji itupe nakala iliyokuwa nayo ianze upya. Seva mpya tupu ina namba mpya. Kwa hiyo yule mhasibu anakuja asubuhi, anafungua Outlook kama kawaida yake, programu inaona namba ngeni, inafuta ilichonacho, inapakua kilichoko kwenye seva, ambacho ni hewa. Nakala pekee iliyokuwa imebaki ofisini imekwenda wakati yeye anatafuta kikombe. Kwa hiyo seva ikifa, kabla ya lolote, waambie watu wasifungue programu za imeili, au chomoa swichi kabisa maana watu hawasikii, halafu pita kwenye kompyuta za wakubwa ukopi folda zao pembeni.

Na hata bakapu yako ikiwa nzima hilo la namba litakufuata. Dovecot ukitumia mtindo wa kuhifadhi unaoitwa Maildir kila barua ni faili lake, raha sana kubakapu, lakini ndani ya kila folda kuna faili moja dogo linaitwa dovecot-uidlist, limeshika zile namba. Watu wanakopi barua wanaliacha hilo kwa kuona ni takataka. Ukirudisha bila hilo, kila kompyuta na kila simu ya ofisi inaanza kupakua upya barua zote za miaka yote kwa pamoja, faiba inajaa, mnaanza kumlaumu mtu wa intaneti wa watu hana kosa. Tumia amri ya doveadm backup, hiyo inajua kubeba barua na namba zake pamoja.

Haya, cha kubakapu chenyewe mnakijua, sitakaa sana hapo. Barua, database ya watumiaji, folda ya postfix na ya dovecot, ufunguo wa DKIM unaosaini barua zenu, cheti cha TLS cha kuficha mawasiliano, na rekodi zenu za DNS, zile za domeini, ziandikwe mahali, maana siku hiyo hakuna anayekumbuka MX, rekodi inayosema barua ziende seva gani, ilikuwa inaelekea wapi. Mkihamia IP nyingine, yaani anwani nyingine ya intaneti, mkumbuke SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, na mpigieni mtoa huduma abadilishe PTR, rekodi inayosema IP hiyo ni ya jina gani, bila hiyo mtapokea vizuri ila mkituma mnaishia kwenye spamu. Na domeini ilipiwe jamani, hiyo ikiisha muda hamna foleni hamna kusubiri, barua zinarudi papo hapo.

Nakala ikae wapi? Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, seva chini ya meza, na eksteno, ile diski ya nje, ya bakapu juu ya seva hiyohiyo. Umeme ukirudi kwa nguvu vinakwenda vyote. Na hewa yetu hii ya chumvi mnaijua, fungua kompyuta yoyote ya Chumbageni uone kutu kwenye skrubu. Peleka nakala Muheza, peleka Korogwe, popote ambapo tatizo la hapa halifiki. Na muifunge kwa nywila, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, eksteno ina mishahara na pasipoti za wageni wa hoteli halafu inazunguka kwenye buti la bajaji!

Ila kuna jambo kubwa kuliko umbali. Nani ana uwezo wa kuifuta? Kulikuwa na kampuni ya imeili Marekani inaitwa VFEmail, Februari 2019 mtu kaingia kwenye mifumo yao, hakuomba hela, hakuomba chochote, kaformati seva na kaformati bakapu zake, barua za karibu miaka ishirini. Aliweza kwa sababu alizifikia zote. Kwa hiyo seva ya imeili isiwe na nywila ya kuingia kwenye seva ya bakapu. Mashine ya bakapu ndo ije kuvuta, yenyewe ikae imejifungia. Na RAID, diski zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, sio bakapu, rsync, programu ya kukopi, yenye kufuta sio bakapu, hizo zinakopi hasara yako kwa uaminifu mkubwa.

Kaka wa shati la kijani... klaudi. Nilijua itakuja. Nendeni, sikatazi, ofisi ya watu sita sioni kwa nini ikae na seva. Lakini Februari 2011 Gmail yenyewe, apdeti mbovu ya programu ya kuhifadhia ilifuta barua za baadhi ya watu kwenye nakala zote zilizokuwa mtandaoni, na kilichowaokoa ni tepu. Tepu kweli, zile za sumaku, kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa na kitu, ile hitilafu haikuzifikia. Na pigeni hesabu: bakapu ya giga 500 iko Ulaya, laini yenu ni megabiti 20 kwa sekunde, kuishusha ni saa 55 na zaidi, laini ikiwa haitetereki. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kwa hiyo hata wa klaudi awe na nakala moja anayoifikia kwa miguu.

Mzee wangu hapa mbele anasema wao wana skripti inabakapu kila usiku na ikifeli inawatumia imeili. Inawatumia imeili! GitLab, kampuni inayowatunzia watu kodi za programu, mwaka 2017 walikuwa na hiyohiyo. Mhandisi alifuta folda ya database kwa makosa, wakaenda kwenye bakapu ya kila siku, hakuna kitu, programu ya kudampu ilikuwa toleo lisiloendana na database kwa hiyo ilikuwa inafeli, na zile imeili za kuwaambia kwamba inafeli zilikuwa zinakataliwa na seva ya imeili kwa sababu ya DMARC, ukaguzi wa kama mtumaji ni wa kweli. Waliokolewa na snepshoti, nakala ya data jinsi ilivyokuwa dakika hiyo, ambayo mtu aliichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine, masaa sita kabla. Kwa hiyo mzee, taarifa ije kwa SMS, tena iwe kinyume, ikufikie ikifaulu. Siku haikuja ndo unashtuka.

Na kila mwezi chukua laptopu kuukuu, rudisha sanduku la mtu mmoja, fungua barua yenye PDF usome. Utashangaa. Mara nyingi barua zote zipo ila mmiliki wa mafaili kageuka root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, Dovecot haiwezi kusoma, na hilo ni la dakika mbili ukiwa umetulia, ila bosi akiwa mlangoni ni la usiku mzima.

Swali la mwisho, seva ya pili ya MX, ile ya akiba. Kwa ofisi zetu hizi mi siiungi mkono. Watumaji wenyewe wana foleni tayari, na hiyo ya akiba isipojua orodha ya watumiaji wako inapokea kila takataka, halafu inahangaika kuzirudisha kwa watu ambao hawakutuma, mnaingia kwenye orodha za spamu. Hela hiyo nunueni betri ya UPS.

Na kuwasha kwenyewe, kwa mpangilio: rudisha database kwanza, kisha barua, kisha fungua poti 993 ya kusomea kwa watu wawili watatu wasome waseme folda zao zipo. Halafu poti 587 watume. Poti 25 ya mwisho kabisa, na soft_bounce iacheni mpaka kesho yake mpitie loga muone hamna mfanyakazi wenu aliyeandikwa hajulikani, ndo muiondoe.