Sketi ya Marinda na Blezia ya Mtumba

SHABANI: Wasikilizaji, kabla sijawasalimu niwaambie ninachokiona hapa. Dar joto hili lote, dada Neema kaingia studio na blezia.

NEEMA: Nimeivaa kwa makusudi. Karibuni, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Hii, kaka Shabani, nimeitoa soko la mitumba la Memorial pale Moshi, kwenye fungu la makoti. Elfu nane. Iguse.

SHABANI: Nzito! Na nembo mfukoni. Hiki si Kiingereza.

NEEMA: Kilatini. Sasa geuza kola.

SHABANI: Kuna kitambaa kidogo kimeshonewa. Uzi mwekundu... jina la mtoto!

NEEMA: Usilisome hewani, mtoto wa watu huyo. Shule za bweni za Uingereza zinataka kila nguo iwe na jina, mpaka soksi, maana zinafuliwa pamoja. Nilipoiona nikamkumbuka mama yangu, usiku wa mwisho kabla sijaenda fomu wani, kakaa chini ya taa na sindano, anashonea herufi zangu kwenye mashuka.

SHABANI: Sisi tuliandika kwa makapeni. Wiki mbili imefutika, shati linakuwa la ukoo mzima.

NEEMA: (anacheka) Ndiyo mada yetu leo, mavazi kwenye shule binafsi za bweni. Na wewe una kesi mkononi.

SHABANI: Ninayo. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza, shule siitaji. Fomu ya kujiunga kurasa nne. Sketi mbili za marinda, ziwe chini ya goti. Mashati matatu. Sweta yenye nembo, tai, traksuti, nguo ya shamba. Viatu vyeusi vya kamba, visiwe na soli ndefu. Halafu chini kabisa, kwa herufi nzito: sare zote zinunuliwe shuleni. Nimekwenda Kariakoo, sweta ileile, rangi ileile, theluthi ya bei. Kinachokosekana ni nembo.

NEEMA: Kwa hiyo umenunua nembo, sweta ukapewa bure.

SHABANI: Ndivyo nilivyomwambia mhasibu. Hakucheka. Akasema sare inaleta usawa, mtoto wa waziri na mtoto wa mama lishe wote wanafanana.

NEEMA: Mtoto wa mama lishe yupi hapo? Ada tu imeshamchuja getini. Halafu sare inafunika mwili, haifuniki miguu. Bwenini kwetu tulijuana kwa viatu na tranka. Kuna mwenzetu alikuja na tranka la magurudumu, hakuwahi kutaja kazi ya baba yake na hakuna aliyehitaji kuuliza.

SHABANI: Na mitindo je? Maana sheria zote zile, lakini mliingia na mitindo yenu.

NEEMA: Weee! Sketi tulikuwa tunaipunguza kwa mkono. Unashona ubavuni mishono mirefu mirefu, ya kufumuka haraka. Jumamosi kuna ukaguzi, kwa hiyo Ijumaa usiku bweni zima unasikia trr, trr, nyuzi zinafumuliwa gizani. Asubuhi matroni anatupigisha magoti kwenye sakafu, pindo lazima liguse saruji. Linagusa. Saa nne sindano zinarudi kazini.

SHABANI: Sisi ilikuwa modo. Unapewa suruali pana kama gunia, unampelekea fundi nje ya uzio, anaibana mpaka unavaa kwa kulala kitandani. Patroni akawa na chupa ya soda. Anaipitisha kwenye mguu wa suruali, ikikwama, mkasi.

NEEMA: Hiyo si yake patroni, ni ya zamani sana. Umesahau Operesheni Vijana? Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Oktoba 1968, ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, vyote marufuku. Vijana wa chama walikuwa wanasimamisha watu barabarani hapahapa Dar.

SHABANI: Kwa hiyo patroni wangu alikuwa anaendeleza siasa ya chama bila kadi.

NEEMA: Na mkasi wake ulikuwa na matokeo yaleyale. Suruali zilipanuka?

SHABANI: Wapi! Tuliacha suruali, tukahamia kwenye kola na kwenye mkunjo. Usiku unailowesha suruali kidogo, unailaza chini ya godoro, unalala bila kugeuka. Asubuhi mkunjo unakata nyanya.

NEEMA: Wenzetu wa Eton, shule ya bweni ya wavulana kule Uingereza, wamelielewa hilo, wakaligeuza zawadi. Pale mwanafunzi anakwenda darasani na koti jeusi lenye mkia, kila siku, kama bwana harusi. Lakini kuna viranja wachache, kundi lao linaitwa Pop, hao tu ndio wanaovaa vizibao vya rangi na maua wanayoyataka. Yaani kupendeza ni cheo.

SHABANI: Kaka mkuu wetu alipewa sweta ya rangi nyingine. Alivaa mpaka kwenye mechi, jua la saa nane.

NEEMA: Ila ninayoipenda ni Christ's Hospital, nayo ni shule ya bweni ya hukohuko Uingereza, si hospitali. Ilianza London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto yatima na mafukara. Wakavishwa koti refu la buluu linalofika miguuni na soksi ndefu za njano, mavazi ya sadaka kabisa, mtu akikuona anajua huyu analelewa. Shule ilihamia Horsham mwaka 1902 na koti lipo hadi leo. Wanafunzi waliulizwa kama libadilishwe, walio wengi sana wakakataa.

SHABANI: Wamelipenda koti la ufukara?

NEEMA: Likishafika karne ya tano si la ufukara tena. Mtoto wa kwanza kulivaa angeulizwa, sijui.

SHABANI: Sasa nywele. Hapo ndipo nyumbani kwangu pamewaka moto. Fomu inasema zinyolewe zote. Binti kalia siku mbili. Mama yake anasema nywele zitaota, bibi yake anasema ni usafi, mimi nimeketi katikati.

NEEMA: Nitakushangaza, kunyolewa hakukuniuma. Maji ya ndoo moja, unaoga, unakwenda prepu. Nani asuke twende kilioni kila Jumapili, na kichwa kinauma mpaka Jumanne? Kilichoniuma ni kingine. Bwenini alikuwapo mmoja mwenye nywele za singa. Yeye aliambiwa azifunge tu nyuma.

SHABANI: Hakunyolewa?

NEEMA: Hakuguswa. Tukamuuliza matroni, akajibu, "Za kwake zinachanika." Na mimi nina miaka kumi na minne, nakishika kipara changu. Mkasi uliamua nywele zipi ni uchafu.

SHABANI: ...Hilo halimo kwenye kurasa nne.

NEEMA: Haliandikwi. Ghana lilifika mahakamani kwa njia nyingine, Achimota, shule yenye mabweni, ilikataa vijana wawili wa Kirasta kwa sababu ya nywele. Mei 2021 Mahakama Kuu Accra ikaamuru wapokelewe.

SHABANI: Mimi siendi mahakamani, dada. Lakini Jumatatu nitapiga simu niulize kama kuna anayesamehewa.

NEEMA: Uliza. Na uulize anayesamehewa ni nani, na kwa nini.

SHABANI: Anaondoka Jumamosi. Tranka tayari, kilichobaki ni kuandika majina. Makapeni nimeinunua.

NEEMA: Acha makapeni. Sindano huna nyumbani?

SHABANI: Ipo. Wa kushona ndiye hayupo, mama yake yuko safari.

NEEMA: Lete mashuka kesho. Na uzi mwekundu.